Ruff na isort kwenye kupanga `import` za Python: ipi ibaki kwenye mradi wako

Ruff na isort ni zana za kupanga mistari ya `import`, yaani ile inayoleta moduli nyingine kwenye faili ya Python. Kwa mradi mpya wa Python, weka Ruff. Kwa mradi mkongwe ambao tayari una isort yenye mipangilio yake, pima kwanza, maana yapo mambo ambayo Ruff haikuyachukua. Na yoyote utakayochagua, kazi yake kubwa ni kupanga mistari ambayo wewe umeshaiweka mahali. Kama mstari fulani ukae juu ya faili, ndani ya funksheni au chini ya sharti, huo ni uamuzi wako, na hapo ndipo programu nyingi zinapoharibikia. Tathmini hii inaziangalia zana hizi mbili kwa jicho hilo tu. Ruff inafanya mengine mengi, lakini hayo tunayaacha.

Kipimo ni PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python wa mwaka 2001. Unataka `import` zikae juu kabisa ya faili, baada ya maelezo ya moduli na kabla ya vigeu vya jumla. Zinagawanywa mafungu matatu: maktaba zinazokuja na Python yenyewe, kisha vifurushi vya watu wengine ulivyosakinisha, kisha msimbo wa mradi wako, na mstari mtupu kati ya fungu na fungu. `import os, sys` kwenye mstari mmoja haifai, ila `from subprocess import PIPE, Popen` haina tatizo. `from __future__ import annotations` inatangulia zote, na hiyo ni zaidi ya mtindo: ukiiteremsha chini ya msimbo mwingine, Python inagoma kwa `SyntaxError`.

isort ndiyo ya zamani. Ilianzishwa na Timothy Crosley mwaka 2013, ni ya bure, leseni yake ni MIT, na imeandikwa kwa Python. Hadi toleo la 4 ilikuwa inaokota `import` zilizotawanyika kwenye faili na kuzipandisha juu. Toleo la 5, lililotoka Julai 2020, liliacha tabia hiyo, na tangu hapo kila kundi la `import` linapangwa palepale lilipo, hata kama ni ndani ya funksheni. Anayetaka ile ya zamani anaongeza `--float-to-top`. Tunashauri ukae mbali nayo mpaka uwe umesoma faili zako moja moja. Sababu inakuja huko chini.

Kosa la kwanza la wanaoanza na isort ni kuitumia pamoja na Black, zana inayopanga sura ya msimbo wote, bila kuziambia zikubaliane. Kwa kawaida yake isort inakata mstari kwenye herufi 79 na kuukunja kwa namna yake, Black inakata kwenye 88 na kuweka koma mwishoni. Kila moja inavunja kazi ya mwenzake, na ukaguzi kabla ya commit hauishi. Dawa ni mstari mmoja kwenye `pyproject.toml`, chini ya `[tool.isort]`: `profile = "black"`.

Ruff ilianzishwa na Charlie Marsh mwaka 2022, nayo ni ya bure kwa leseni ya MIT. Imeandikwa kwa Rust, na kasi yake haihitaji kupimwa kwa saa: kwenye mradi mkubwa unaona tofauti kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Upangaji wake wa `import` ulifanywa makusudi ufanane na isort yenye profaili ya black, na hata maelezo ya isort ndani ya msimbo inayaheshimu: `# isort: skip`, `# isort: off`, `# isort: on`, `# isort: split` na `# isort: skip_file` yote yanafanya kazi. Kwa hiyo kuhama hakukulazimishi kugusa maelezo uliyokwisha kuyaandika.

Sasa, kinachowachanganya wengi: unasakinisha Ruff, unaendesha `ruff check`, inasema kila kitu ni sawa, na `import` bado zimevurugika. Kanuni ya kupanga, I001, haimo kwenye zile zinazowashwa tangu mwanzo. Zinazowashwa ni familia za E4, E7, E9 na F, ambamo kuna E401 ya `import` mbili kwenye mstari mmoja, E402 ya `import` isiyo juu ya faili, na F401 ya `import` isiyotumika. I lazima uiwashe mwenyewe. Na `ruff format` haipangi `import` kabisa, hata ukiiendesha mara mia. Kazi hiyo ni ya `ruff check --fix`. Usanidi wa kuanzia unaotosha miradi mingi ni huu:

```
[tool.ruff]
line-length = 88
src = [".", "src"]

[tool.ruff.lint]
extend-select = ["I"]

[tool.ruff.lint.isort]
known-first-party = ["duka"]
known-third-party = ["alembic"]
```

Mistari miwili ya mwisho inahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayotibu ugonjwa unaosumbua timu kuliko mwingine wowote: kwenye kompyuta yako faili imepangwa sawa, ukisukuma kwenye seva ya ukaguzi, ile inayokagua msimbo wa timu nzima, inakataliwa kwa I001.

Ruff haiulizi Python ni vifurushi gani vimesakinishwa. Inajua orodha ya maktaba za Python yenyewe, halafu inatazama folda zilizotajwa kwenye `src`. Ikikuta humo folda au faili ya `.py` yenye jina linalolingana na la `import`, inahesabu kuwa ni msimbo wako. Isipokuta, ni kifurushi cha watu wengine. Njia hii ni ya haraka, na ina mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni folda yenye jina la maktaba. Amri ya `alembic init alembic`, ya Alembic, zana ya kubadilisha muundo wa hifadhidata, inaunda folda iitwayo `alembic` kwenye mzizi wa mradi, na kuanzia hapo `from alembic import op` inahamia fungu la msimbo wako. Maktaba ya wandb nayo huacha folda iitwayo `wandb` pale unapoendeshea mafunzo ya modeli. Folda hiyo kwa kawaida haiingizwi kwenye git, kwa hiyo kwako ipo na kwenye seva haipo, na kila upande unapanga tofauti. Kuyataja majina hayo kwenye `known-third-party` kunamaliza ubishi.

Shimo la pili ni hifadhi moja yenye miradi mingi. Kama msimbo wako uko `huduma/malipo/src/malipo` na `src` haijaambiwa njia hiyo, `import malipo` itapangwa pamoja na vifurushi vya nje. Ongeza njia yake kwenye `src`, au weka `pyproject.toml` ndani ya kila mradi. Ukitaka kujua Ruff imeamua nini na kwa nini, endesha `ruff check --select I -v .` na usome mistari inayosema jina fulani limewekwa fungu gani. Kwa isort, fungua Python na uandike `from isort import place_module`, kisha `place_module("malipo")`. Ruff inataja na sababu iliyofanya jina liwekwe fungu hilo; kwa isort, sababu unaipata ukitumia `place_module_with_reason`.

Hatari kubwa kuliko ya mpangilio ni ya kufutwa. F401 inawashwa tangu mwanzo, na `ruff check --fix` inaondoa kabisa `import` ambayo jina lake halionekani kutumika kwenye faili. Mara nyingi hilo ni jema. Lakini Python inaendesha moduli nzima inapoiita kwa mara ya kwanza, na zipo `import` zinazoandikwa kwa ajili ya kuendeshwa huko tu. `import readline` inabadilisha jinsi `input()` inavyopokea maandishi kwenye terminali, ingawa neno `readline` halitajwi tena popote. Hiyo ikifutwa, mtumiaji anapoteza tu mishale ya kurudia amri. Mfano mzito zaidi uko kwenye `env.py` ya Alembic, ambako `from duka import models` ipo ili SQLAlchemy, maktaba ya hifadhidata, iyajue majedwali yote. Ruff ikiifuta, `alembic revision --autogenerate` inaona metadata tupu, na inakuandikia hatua za kuangusha kila jedwali lililo kwenye hifadhidata. Kwenye Django, mfumo wa kujenga tovuti, ni `from . import signals` ndani ya `ready()` ya `AppConfig`. Ikiondoka, hakuna kosa linalotokea, ishara zinaacha kufanya kazi kimya kimya.

Kinga ni kuandika `# noqa: F401`, yaani "kanuni hii isitumike hapa", mwishoni mwa mstari wa namna hiyo siku ileile unayouandika, na neno moja la sababu pembeni. Kabla ya kuendesha `--fix` kwenye mradi wa zamani, tazama kwanza kwa `ruff check --select F401 .` na upitie orodha yote kwa macho. Kwenye `__init__.py` Ruff ni mwangalifu zaidi: inajua huko watu hupitisha majina kwa wengine, kwa hiyo inashauri uyaweke kwenye `__all__` au uandike `from .huduma import tuma as tuma`. isort haina hatari hii hata kidogo, kwa kuwa haifuti kisichotumika. Hilo ni alama kwake kwa mwenye msimbo mkongwe usio na majaribio.

Turudi kwenye mahali. E402 inalalamika ikikuta msimbo kati ya `import` na `import`, na haina marekebisho ya moja kwa moja, inakuonyesha tu. Tunakubaliana na ukali huo, kwa sababu mara nyingi kilichoko katikati kina sababu ya kuwepo hapo:

```
from dotenv import load_dotenv

load_dotenv()

from duka.mipangilio import DATABASE_URL  # noqa: E402
```

Hapa `mipangilio` inasoma vigeu vya mazingira pale tu inapoitwa. Ukiipandisha juu ya `load_dotenv()`, inasoma kabla ya faili ya `.env` kupakiwa na kupata tupu. Ndivyo ilivyo kwa `monkey.patch_all()` ya maktaba ya gevent, inayotakiwa iendeshwe kabla `socket` na `ssl` hazijatumiwa na wengine, na kwa `django.setup()` kwenye skripti ya pembeni, ambayo bila hiyo modeli zinakupa `AppRegistryNotReady`. Ruff na isort 5 zote zinaheshimu mpaka: msimbo wowote usio `import` unagawa kundi, na hakuna mstari unaovuka. `--float-to-top` ya isort ndiyo isiyoheshimu, na hiyo ndiyo sababu ya onyo la huko juu. Ruff pia inasamehe mabadiliko ya `sys.path` na `os.environ` yaliyo kati ya `import`, kwa hiyo huko huhitaji `noqa`. Kwenye daftari za Jupyter kila seli inahesabiwa peke yake.

Tatizo linabaki pale ambapo maandalizi hayaonekani kama msimbo. Kama una moduli yako `maandalizi` inayofanya kazi zote hizo ndani yake, faili kuu itakuwa na `import maandalizi` juu ya `import` nyingine, na kwa macho ya zana huo ni mstari kama mingine. Ni msimbo wa mradi, basi unateremshwa fungu la mwisho, na kila kitu kinapakiwa kabla yake. Weka `# isort: split` kwenye mstari wake peke yake, mara baada ya `import` hiyo, ili kilicho juu kisichanganywe na kilicho chini. Bora zaidi ni kuifanya moduli hiyo iwe na funksheni unayoiita waziwazi, maana atakayesoma baadaye anaona kwamba kuna jambo linafanyika hapo.

Upangaji wenyewe unaweza pia kufichua moduli zinazoitana kwa mzunguko. `oda.py` inachukua jina kutoka `wateja.py`, na `wateja.py` inachukua jina kutoka `oda.py`, mpangilio wa zamani ulikuwa unaanza na ile ambayo ikianza, mambo yanapita. Ukishapanga kwa alfabeti, nyingine inaanza, na unapata `cannot import name ... from partially initialized module`, ikiambatana na dokezo la mzunguko. Usilaumu zana na usikimbilie `# isort: skip`. Msimbo ulikuwa unasimama kwa bahati ya mpangilio. Hamishia kinachohitajiwa na wote wawili kwenye moduli ya tatu. Kama jina linahitajika kwa maelezo ya aina tu, liweke chini ya `if TYPE_CHECKING:`, sharti ambalo zana za kukagua aina hulifuata lakini programu ikiendeshwa hulipita. Ikishindikana kabisa, andika `import wateja` nzima na utumie `wateja.Mteja` ndani ya funksheni, ambapo jina linatafutwa wakati wa kutumika.

Kuna na njia ya kuiteremsha `import` ndani ya funksheni. Ruff ina kanuni yake, PLC0415, ambayo imetoka kwenye majaribio na kuwa ya kudumu kwenye matoleo ya karibuni. Isort haina kitu kama hicho. Kwa mtazamo wetu iwashe, halafu kila `import` inayoikiuka ihalalishwe kwa `noqa`. Sababu halali ni chache: maktaba ya hiari ambayo si kila mtumiaji anayo, `ready()` ya Django, mzunguko ulioshindikana kuvunjwa, na maktaba nzito kwenye zana ya terminali ambayo `--help` yake haina haja ya kusubiri pandas. Kwa hiyo ya mwisho usikisie. Endesha `python -X importtime -m duka` na utazame safu ya pili, inayojumlisha muda wa moduli na vyote inavyoviita, kwa mikrosekunde. Mara nyingi mzigo hautoki kwenye ile uliyodhani.

Hasara zake zijulikane pia. Kifurushi kikikosekana kwenye seva, `import` ya juu inaangusha programu wakati wa kuwaka, mbele ya macho yako; ya ndani ya funksheni inasubiri mteja wa kwanza atakayepita njia hiyo. Kuna na mtego mdogo unaokula muda wa watu: ukiandika `import json` ndani ya `if` katikati ya funksheni, `json` inakuwa kigeu cha ndani cha funksheni nzima, hata kama juu ya faili imeshaletwa. Mstari wa `json.loads` ulio juu ya `if` hiyo unakupa `UnboundLocalError`, na ukiangalia kichwa cha faili unaona `import` iko palepale. Gharama ya muda kwa kila mwito ni ndogo, kwa sababu Python inaikuta moduli tayari kwenye `sys.modules`.

Familia ya TC ya Ruff, inayohamisha `import` za aina kwenda chini ya `TYPE_CHECKING`, iwashe kwa tahadhari. Maktaba za FastAPI na Pydantic zinasoma maelezo ya aina programu ikiwa inaendeshwa. Kwenye faili yenye `from __future__ import annotations`, Ruff inaweza kuona `datetime` ya modeli yako ni ya aina tu, ikashauri ihamishwe, na Pydantic ikashindwa kuiona. Weka `runtime-evaluated-base-classes = ["pydantic.BaseModel"]` chini ya `[tool.ruff.lint.flake8-type-checking]`. Kwa haki yake, Ruff yenyewe inayahesabu marekebisho hayo kuwa si salama na haiyafanyi bila `--unsafe-fixes`.

Kuhama kutoka isort hufanywa hivi. Fungua tawi safi, endesha `ruff check --select I --diff .` na usome tofauti. Zikiwa nyingi, karibu kila mara ni `src` au majina ya vifurushi, kwa hiyo rekebisha usanidi kwanza, msimbo baadaye. Kisha `ruff check --select I --fix .` iwe kwenye commit yake peke yake, na namba ya commit hiyo iandikwe kwenye `.git-blame-ignore-revs`, na git iambiwe iisome faili hiyo kwa `blame.ignoreRevsFile`, la sivyo `git blame` itamtaja aliyehama kama mwandishi wa kila mstari uliosogezwa. Majaribio yakipita, usiishie hapo. Washa kila mlango wa programu kwa mkono: seva ya wavuti, wafanyakazi wa foleni, amri za usimamizi. Makosa ya mpangilio hutokea kwenye mlango ambao majaribio hayaupiti. Kwenye pre-commit, zana inayoendesha ukaguzi kabla ya kila commit, `ruff-check` yenye `--fix` itangulie `ruff-format`, na isort iondolewe siku hiyohiyo. Zikiachwa zote mbili, tofauti ndogo kati yake zitawafanya watu wapige commit mara mbilimbili. Kwenye VS Code nako, anayepanga akihifadhi faili awe mmoja: taja `source.organizeImports.ruff` waziwazi badala ya kuacha viendelezi viwili vigombanie kazi.

isort ibaki kwako kama unatumia `multi_line_output` isiyo ya Black, `force_grid_wrap`, au profaili ambayo Ruff haiwezi kuiiga sawasawa, na hutaki kubadilisha sura ya faili zote. Ibaki pia kama una faili za Cython, lugha inayochanganya Python na C: isort inapanga `.pyx`, Ruff haizigusi. Na zana yoyote iliyobaki, funga namba ya toleo lake ileile kwenye pre-commit na kwenye seva ya ukaguzi.